Roshani Yetu na Mshubiri wa Bwana Taha

Jumamosi, 19 Julai

Huwaida ameondoka asubuhi kwa boti ya Kizingitini. Dada yake amejifungua. Atarudi Alhamisi. Nyumba imebaki na mimi, binti yetu Afra, na roshani.

Roshani ndiyo habari. Jumamosi ijayo anakuja Bi Maram kutoka Faza. Mwanawe, Zaki, anataka kumposa Afra. Zaki ni mwalimu, mpole, hana makuu. Simwogopi. Namwogopa mamake. Nasikia akiingia nyumba ya watu haangalii makochi wala televisheni. Anaangalia mimea. Anashika jani, ananyamaza kidogo, kisha anahukumu. Mpwa wake alipotaka kuoa Kiunga, Bi Maram alikwenda, akaona mrehani umekauka mlangoni, akanywa kahawa yake akarudi zake. Alisema watu walioshindwa kuupa maji mrehani watakuwa wamemlea vipi mke wa mtu.

Na sisi roshani yetu ina nini? Mtungi wa gesi. Kiti kibovu. Kitambaa cha deki.

Huwaida alisimama mlangoni na mkoba wake, akanipa maagizo. Nichague mimea michache, migumu, yenye kazi. Mchaichai kwa ajili ya chai. Mrehani kwa harufu. Mpilipili kwa mchuzi. Mshubiri kwa dawa. Nisilete mmea wowote usioweza kuvumilia mambo matatu: jua, upepo wa chumvi, na mimi.

Mimi! Nimemwambia aende kwa amani, kila kitu kitakuwa sawa.

Mshubiri! Kitu cha mama kujipaka kwenye titi mtoto aache kunyonya. Mkwe anakuja kwa mara ya kwanza, nami nimwonyeshe uchungu?

Mimi ni fundi saa. Siku hizi watu hutazama saa kwenye simu, kwa hiyo wateja ni haba na wakati ninao tele. Leo nimeutumia vizuri. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshaagiza kwa mwuzaji mmoja wa Limuru: miwaridi mikubwa na miche ya stroberi. Stroberi Lamu! Hakuna aliyewahi kupanda. Nilijiuliza kwa nini hakuna aliyewahi. Jibu likaja upesi. Watu hawaoni mbali.


Jumapili, 20 Julai

Nimekwenda kwa Bwana Taha kupeleleza.

Taha ni mstaafu wa posta. Anakaa nyumba ya pili, ghorofa kama yetu, na roshani yake inatazamana na yetu. Kichochoro kilichoko katikati ni chembamba hata nikinyoosha mkono na yeye akanyoosha wake, tunaweza kupeana chumvi. Hatujapeana. Roshani yake husifiwa na kila mpitaji. Wanawake wakienda sokoni huinua macho na kusema mashallah. Yangu hawaioni. Miaka yote hii nimeishi mkabala na sifa za mtu mwingine.

Nimeiangalia kwa karibu. Sikuona la ajabu. Mrehani kwenye kopo la samli. Mchaichai kwenye debe la mafuta lenye mshikio wa waya. Mpilipili. Na mshubiri mnene kama ngisi, kwenye debe lililopakwa rangi ya kijani ya mashua. Basi!

Nilimwuliza kwa ujanja siri yake ni nini. Akasema hana siri. Anamwagia maji aliyooshea mchele. Akasema mtu achague mmea unaotaka kukaa pale alipo, asichague anaoutaka yeye halafu akaanza kuubembeleza ukae. Akaniuliza mimi napanda nini.

Nikamwambia bado nafikiria.

Ana siri. Mtu hasifiwi hivyo kwa maji ya mchele.


Jumatatu, 21 Julai

Tatizo la vyungu. Waridi la Limuru haliwezi kuwekwa kwenye debe. Nimezunguka mtaa wa Langoni wote, hakuna chungu cha heshima. Nimerudi nyumbani nimekata tamaa, nikafungua kabati la jikoni kutafuta sukari. Nikayaona. Masufuria ya biriani ya Huwaida! Manene, yanang'aa, ya ukubwa ule ule hasa.

Mmea unataka matundu chini ili maji yatoke. Nina keekee ya kazini. Matundu ni madogo tu. Nilivyo fundi, hayaonekani kabisa mpaka uinue sufuria juu ya mwanga, na nani huinua sufuria juu ya mwanga?

Afra amerudi kutoka kazini, ameuliza zile kelele za chuma zilikuwa za nini. Nimesema natengeneza saa ya ukutani. Akasema baba, mama alisema debe. Nikamwuliza nani anaolewa, yeye au mimi. Akasema yeye, na ndiyo maana anauliza.

Huyu mtoto anasema kila kinachomjia mdomoni. Sijui kwa Bi Maram itakuwaje. Nimemshauri siku hiyo atabasamu tu.


Jumanne, 22 Julai

Yamefika! Basi mpaka Mokowe, boti mpaka hapa, punda mpaka mlangoni. Maboksi yana nembo. Watu walisimama njiani kutazama. Nimeyafungua pale pale chini, ijapokuwa ningeweza kuyafungua ndani.

Subhanallah! Mawaridi mekundu, mengine manjano, mengine meupe kama maziwa. Stroberi tayari zina matunda mawili matatu. Nimeyapanga yote roshani, nikavaa kanzu safi, nikakaa katikati yake na gazeti. Alasiri nzima. Gazeti lenyewe ni la mwezi uliopita.

Wanawake wa sokoni wamepita. Wameinua macho. Wamesema mashallah, na hawakugeukia upande wa Taha! Nimewainulia mkono kwa unyenyekevu.

Taha alitoka na kopo lake la maji ya mchele. Aliyatazama mawaridi kwa muda. Akasema ni mazuri sana, lakini kusi, upepo wa mwezi huu, linapiga moja kwa moja kwenye kona yangu. Akanishauri niyaingize ndani usiku, au niweke kizuizi.

Wivu. Maskini. Nimemwonea huruma.

Huwaida amepiga simu kutoka Kizingitini. Mtoto hajambo. Aliuliza mimea je. Nikasema imeshika vizuri. Aliuliza ni mimea gani. Nikasema mtandao unakatika.


Jumatano, 23 Julai

Kusi.

Kusi la kweli. Limeanza alfajiri, nikasikia madirisha yanagonga, nikasema ni madirisha tu. Baada ya sala nikatoka. Majani yalikuwa yamekunjamana na kuwa kahawia pembeni, kama karatasi iliyopita karibu na mshumaa. Ukiramba jani unapata chumvi. Nimeramba. Stroberi zimelala chali zote. Lile tunda kubwa kunguru ameondoka nalo. Nimemwona. Alikula juu ya paa la Taha, huku ananitazama.

Sikukata tamaa. Nimefikiria: mmea ni kama mtu, ukiona baridi ya upepo hujifunika. Nimechukua leso za Huwaida, zile khanga mpya alizowekea harusi, nikaufunga kila mwaridi kilemba. Imependeza pia, kwa namna yake.

Kabla ya adhuhuri upepo ukafungua leso moja. Ikaruka. Nimeishika pindo, ikaniponyoka. Ikashuka kichochoroni taratibu, kwa raha zake, ikamfunika punda wa kubeba mchanga kichwa chote.

Punda hakupenda.

Alikwenda mbio hadi ufukweni, mchanga ukimwagika njia nzima mpaka msikitini, na mwenyewe nyuma yake akipiga kelele kwamba punda wake ameolewa. Watu wote wakatoka nje. Mwenye punda aliirudisha ile leso alasiri, imekunjwa, ina alama ya meno. Bahati mbaya aliyefungua mlango ni Afra. Yule bwana alimwambia maneno mengi ya heshima, na katikati ya yale maneno kulikuwa na swali: baba yako hajambo?

Afra ameikunja tena ile leso. Ameniambia baba, mimi nampenda Zaki, na sisemi zaidi.

Kisha akaingia chumbani. Hakuniuliza chochote. Afadhali angeuliza.

Nimekaa peke yangu na vijiti vyangu. Vijiti vya Limuru ndani ya masufuria. Nilijihisi vibaya kwa muda mrefu. Labda robo saa.


Alhamisi, 24 Julai

Suluhisho! Asubuhi nimepita duka moja la mapambo ya harusi. Wana maua ya plastiki mpaka darini. Mawaridi! Yanafanana na yangu kuliko yangu yalivyofanana na yenyewe. Hayaogopi kusi, hayataki maji, kunguru hayataki. Kama Huwaida anataka mimea ya kuvumilia, haya hapa. Nimeyafunga kwenye vijiti kwa waya mwembamba wa saa. Nimenyunyiza marashi ya waridi. Nimerudi nyuma hadi sebuleni, nikakaza macho. Limuru tupu!

Huwaida ameingia baada ya adhuhuri, amechoka na safari, ana ndoo mkononi. Nilimpokea mlangoni kwa maneno matamu. Akaniangalia. Akaniuliza nimevunja nini.

Nikasema mimea mipya haitaki kutazamwa siku za kwanza. Akanipita. Akaenda moja kwa moja roshani. Akalishika waridi moja, akalibinya. Akaingia chumbani, akarudi na shuka lake lililolowa maji ya bahari, akalianika juu ya mawaridi yangu yote kama kamba ya nguo.

Ningeweza kuishi na hilo. Lakini halafu aliona yako ndani ya nini.

Alitoa kijiti, akamwaga udongo, akaliosha sufuria, akalijaza maji pale jikoni. Maji yalitoka chini kwa mistari mizuri iliyonyooka. Nitasema jambo moja la haki: matundu yalikuwa yamelingana.

Huwaida alitazama maji yakienda hadi chini ya friji. Akaniuliza, kwa sauti ya chini sana, Jumamosi wageni watakula biriani ya nini.

Nilipendekeza viazi vya karai.

Nimelala kochini. Mchana, lakini nimeelewa kwamba na usiku pia.


Ijumaa, 25 Julai

Ile ndoo ya Huwaida ilikuwa na mimea. Ameing'oa kwenye ua wa dada yake Kizingitini: mchaichai, mrehani, mpilipili, na mshubiri mdogo mfano wa kidole gumba. Ameipanda mwenyewe kwenye madebe. Afra amemsaidia. Wamefanya kazi wakicheka, na mimi nilipotokea wakanyamaza, nilipoondoka wakacheka tena.

Sasa nisemeje? Ni midogo! Mrehani una majani ya kuhesabika. Mchaichai umelala upande mmoja kama mtu mwenye homa ya boti. Huwaida anasema itasimama baada ya wiki mbili, kwa sababu imezaliwa na chumvi. Wiki mbili! Bi Maram yuko hapa kesho!

Huwaida anasema Bi Maram atajua mmea uliopandwa jana, na hakuna aibu. Anasema kila mmea ulianza mdogo. Hayo ndiyo mawazo yanayorudisha familia nyuma.

Ameazima masufuria kwa shangazi yake Mkomani. Ameniomba nisiyaguse. Ametumia neno "naomba," lakini uso ulikuwa mwingine.

Baada ya sala ya Ijumaa nimemsikia Taha akimwambia imamu kwamba kesho asubuhi hatakuwepo nyumbani. Ana shughuli ya kifamilia. Atavaa joho.

Taha hatakuwepo nyumbani.

Nimefikiri sana njia nzima.


Jumamosi, 26 Julai

Nitaeleza kwa utaratibu.

Asubuhi Taha alitoka, joho, bakora, marashi. Nilimwangalia hadi akakunja kona. Huwaida na Afra wako jikoni, moshi na vitunguu, hawatoki. Nikachukua upembo wetu wa kuangulia maembe. Una kulabu mbele. Madebe ya Taha na yetu yana mishikio ya waya, hata lile kopo la samli. Mungu amenipa akili.

Nia yangu ilikuwa kuazima tu. Kwa saa chache. Tena sikumwachia roshani tupu, mimi si mwizi. Nilivua debe lake kwa kulabu, nikalivuta huku, nikampelekea letu mahali pake. Mrehani kwa mrehani. Mpilipili kwa mpilipili. Mchaichai kwa mchaichai. Ule mchaichai ulipofika katikati ya kichochoro ulianza kuzunguka, na paka aliyelala chini alifungua jicho moja. Lakini ulifika. Mshubiri ndio ulikuwa mzito. Mgongo wangu umelia, lakini nao ulivuka.

Nikarudi nyuma sebuleni, nikatazama. Roshani ya watu wa heshima! Nilikuwa na machozi kidogo, na sikuwa jikoni.

Wakabisha hodi.

Nilifungua. Bi Maram mbele, mfupi, macho makali, buibui imepigwa pasi. Nyuma yake Zaki na sahani ya halwa. Na nyuma ya Zaki, na joho lake, na bakora yake, Bwana Taha.

Taha! Ni binamu wa marehemu mume wa Bi Maram. Ndiye mkubwa wa upande wa bwana harusi hapa mjini. Alikwenda gatini kuwapokea. Miaka yote hii ni jirani yangu, na sijawahi kumwuliza kwao ni wapi!

Aliniamkia kwa furaha. Alisema hakutaka kunieleza mapema ili iwe jambo zuri la ghafla. Nikasema ni la ghafla kabisa.

Nilimketisha Taha kwenye kiti kinachotazama ukutani. Kuna saa pale, nikamwomba anisaidie kuangalia kama inakwenda sawa. Alishangaa, lakini ni mtu muungwana, akaitazama. Bi Maram hakukaa. Alishafika roshani. Huwaida alimfuata na kahawa, na nilimwona anasimama ghafla mlangoni, anaitazama ile mimea, kisha ananigeukia mimi. Nilitazama saa pamoja na Taha.

Bi Maram alishika mchaichai, akaunusa. Alikata jani la mrehani, akalisugua kiganjani. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Moyo wangu ulipanda. Kisha akainama kwenye mshubiri. Akalizungusha debe.

Akaikwaruza rangi kwa ukucha.

"Debe hili," akasema Bi Maram, "nimelipaka rangi kwa mkono wangu. Ni rangi iliyobaki mashua ya mume wangu. Mshubiri huu umeshinda yua la Faza, nikampa Taha alipofiwa na mkewe, apate kitu cha kuangalia."

Akainua kichwa. Akatazama ng'ambo ya kichochoro, kwenye roshani ya Taha, ambapo mimea yetu ya Kizingitini ilikuwa imelala kila mmoja upande wake.

Taha alikuwa ameshasimama. Aliona. Alinitazama, na ninaapa nilimwona akiamua. "Nimemwazima mimi, Bi Maram," akasema. "Nilimwambia Bwana Mohdhar achukue."

Wakati huo huo, kwa sauti kubwa zaidi, mimi nilikuwa ninasema: "Nimeinunua Mombasa!"

Maneno yote mawili yalikutana katikati ya sebule na kubaki pale.

Zaki alitazama halwa. Huwaida alifumba macho. Nilianza kueleza kwamba kuna Mombasa nyingi. Ndipo Afra akatoka jikoni na sinia la sambusa. Nilimkumbusha kwa macho: tabasamu! Hakutabasamu. Aliweka sinia mezani, akamsogelea Bi Maram, akambusu mkono.

"Shikamoo, Bi Maram," akasema. "Mimea hii ni ya Bwana Taha. Baba ameivuta kwa upembo asubuhi, nimemwona kwa dirisha la jikoni. Yetu ni ile midogo ya ng'ambo. Mama ameileta Kizingitini, jana tu tumeipanda. Baba alinunua mawaridi yakafa, akafunga ya plastiki. Ametoboa masufuria ya mama. Punda wa watu amekimbia na leso. Yote amefanya kwa sababu anaogopa utanikataa. Bwana Taha, tunakuomba radhi."

Kila kitu! Hakubakisha hata punda!

Nilikaa chini. Niliona harusi inaondoka. Niliona mwanangu anazeeka katika nyumba hii kwa ajili ya madebe manne. Kwa mara ya kwanza wiki hii sikuwa na mpango wowote.

Bi Maram alimtazama Afra kwa muda mrefu. Alimshika kidevu, kama anavyoshika jani.

"Huyu," akamwambia Zaki, "akitia chumvi nyingi mchuzini ataniambia mwenyewe kabla sijaonja. Nilikuwa na dada wa mume miaka mingi sikujua hata siku moja amekasirika au amefurahi. Nimechoka na watu wa kutabasamu."

Kisha akaanza kucheka. Alianza kidogo kidogo, mabega yanatikisika, akajizuia, akauliza ni kweli punda alifunikwa leso kichwani, Afra akasema kweli, na mwenyewe alipiga kelele kwamba punda ameolewa. Basi! Bi Maram alilia kwa kucheka. Alishika ukuta. Huwaida naye akacheka, mke wangu, ambaye hakuwa amecheka nami tangu Alhamisi. Zaki alicheka mpaka halwa ikaanguka. Hata Taha alitoa leso ya mfukoni akafuta macho.

Nikacheka pia, ili nisibaki peke yangu.

Wamekula biriani. Wamekubaliana. Posa imepokelewa, harusi Desemba inshallah. Bi Maram kabla ya kuondoka alikwenda kwa Taha, akaiangalia ile mimea yetu midogo, akarudi akamwambia Huwaida amechagua vizuri, itashika, aiache tu ilivyo. Kwangu alisema maneno machache. Alisema baba anayemtaabikia binti yake hivi si baba mbaya. Akaongeza kwamba nisiguse kitu.

Taha na mimi tumerudisha madebe pamoja, kwa mlango, kama watu. Tulikuwa tunapumzika kwenye ngazi, nikamwambia samahani. Akasema mkewe ndiye alikuwa mtu wa mimea. Yeye hakujua lolote. Aliogopa tu mimea isije ikafa mikononi mwake. Akasema watu wanapoinua macho na kusema mashallah hajui wanamsemea nani.

Nilimkaribisha chai kesho. Amekubali.


Jumapili, 27 Julai

Taha amekuja chai. Amemletea Huwaida kopo la maji ya mchele. Wamezungumza mimea saa nzima, nami nimesikiliza kwa unyenyekevu. Huwaida ameniruhusu kurudi kulala chumbani.

Mchaichai wetu umesimama kidogo. Hakuna aliyeugusa. Ajabu.

Leo nimekuwa mtu mpya. Nimetafakari wiki yote na nimeona kosa langu liko wapi. Kosa halikuwa tamaa, wala uongo, wala upembo. Kosa lilikuwa Limuru. Waridi ni mmea dhaifu. Nilichagua vibaya. Huwaida alisema tangu mwanzo: mmea mgumu, wenye faida. Sasa nimeelewa kabisa.


Jumatano, 30 Julai

Mtufaha.

Mgumu! Unavumilia baridi kali ya milimani, mwuzaji ameniapia. Wenye faida! Matunda. Fikiria Desemba, harusi ya Afra, Bi Maram anatoka roshani, ananyoosha mkono, anachuma tufaha Lamu. Hakuna aliyewahi.

Umefika leo kwa boti ya asubuhi. Ni mrefu kuliko nilivyotegemea. Nimeuweka kona ya jikoni kwa muda, nyuma ya pazia, Huwaida asipate wasiwasi bure.

Kuna jambo dogo tu. Mtufaha unataka baridi, na hapa baridi hakuna. Lakini nimefikiri kama fundi. Nimeusogeza karibu na friji, nikafungua mlango wa friji, nikaweka feni nyuma. Hewa inakwenda moja kwa moja kwenye majani. Nimeshika jani. Baridi kabisa! Mti unafurahi, unaonekana.

Huwaida ametoka sokoni. Ameuliza kutoka mlangoni kwa nini siagi inatiririka mpaka sebuleni.

Nimemwambia asiingie bado. Nimesema ni jambo zuri la ghafla.